Gundi Isiyo na Harufu

Jina lake halisi lilitumiwa na watu wawili tu, karani wa benki na mama mkwe wake, na wote wawili walilitaja pale tu walipokuwa na la kumlaumu. Wengine wote walimwita Pua. Wageni waliokuja na viatu vyao mkononi wakiulizia fundi Pua yuko wapi walikuwa wakimtazama usoni kwa kuibia, wakitafuta pua ya ajabu, wasiione. Ilikuwa pua ya kawaida kabisa, ya kati, yenye kovu dogo ubavuni.

Jina alilipata ujanani kwa fundi aliyemfundisha kazi. Alikuwa akifumba macho, akapewa kipande cha ngozi, akakipitisha chini ya pua na kusema: hii ya mbuzi, hii ya ng'ombe, hii nayo si ngozi hata kidogo, ni plastiki imepakwa rangi, aliyekuuzia kakuibia. Wenzake walimtafutia ngozi kutoka karakana za mbali ili wamkoseshe, wakaambulia patupu. Kuna wanaume wanaojivunia mali, na kuna wanaojivunia mabega. Huyu alijivunia pua, na tuseme ukweli, ilimpandisha kichwa kidogo.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, mlango ukitazama barabara. Meza ya kazi aliiweka nyuma kabisa, kwenye kona yenye kiza, chini ya rafu ya kalibu, zile mbao zenye umbo la mguu, zilizopangwa kushoto kwa kushoto na kulia kwa kulia. Cherehani ya mkewe ilikaa karibu na dirisha. Mke ndiye aliyeshona sehemu za juu za viatu, ngozi laini na bitana yake. Mume akazivuta kwenye kalibu na kuzibandika soli. Waliweza kushinda kutwa nzima hawajasemezana, na wala hawakuwa wamegombana. Cherehani ilizungumza kwa niaba yao.

Sasa, kubandika soli si kazi ya nguvu, ni kazi ya kusubiri. Unapaka gundi nyembamba pande zote mbili, soli na kiatu, kisha unatulia. Ukiharakisha, gundi bado mbichi, inateleza. Ukichelewa, imeshakufa, haishiki kitu. Gundi waliyoitumia mafundi wote, ile ya njano ya mkebe, ilikuwa na harufu kali ya kukutoa machozi, na harufu ile ikishapungua, ikabaki kama kitu unachokikumbuka tu, hapo ndipo pa kubandika. Pua alikaa na soli mapajani, kichwa kimeinama, macho nusu yamefumba. Halafu ghafla anabandika, anapiga nyundo, basi. Kiatu alichokibandika yeye, ngozi ilichanika kabla soli haijaachia. Kuna wateja waliosimama mlangoni kumtazama tu akinusa, kama watu wanaotazama mpira.

Katika viatu vyote alivyowahi kutengeneza, alichokiwekea moyo ni kimoja, cha dada yake mkubwa. Maradhi ya utotoni yalimwacha dada yule na mguu wa kushoto mfupi kuliko wa kulia, na alikua akitembelea gongo huku watoto wenzake wakimtungia nyimbo. Kiatu cha kwanza alichoshona Pua baada ya kuhitimu kwa fundi wake kilikuwa cha dada: cha kushoto, chenye soli ya matabaka ya raba ngumu, moja juu ya jingine, mpaka mabega yake yakalingana. Siku ile dada alilitupa gongo nyuma ya nyumba na kuwaambia wote waliokuwepo, "Nikilishika tena, mnizike nalo." Baadaye akawa mwalimu wa hesabu, na darasa lake likawa ghorofani. Kila asubuhi alipanda ngazi za saruji akiwa na vitabu mkono mmoja na chaki mkono wa pili, na kilichomshikilia hewani kilikuwa gundi ya mdogo wake.

Marufuku zilianzia upande wa nyumba. Kwanza ilikatazwa dawa ya mbu ya kupuliza, ile ya kopo jekundu. Ikafuata dawa ya kuzibulia mabomba, iliyokuwa ikifuka moshi kwenye karo la kuoshea vyombo kama kitu kinachopikwa. Kisha naftalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuzia wadudu kwenye nguo. Kila mara ilikuwa vile vile: redio inatangaza kwamba kitu fulani kina madhara, wenye maduka wanauza kilichobaki kwa mlango wa nyuma, halafu siku moja unakuta rafu imepanguswa na mahali pake pamewekwa sabuni.

Mke wa Pua hakuwa mtu wa kubishana na redio. Dawa ya mbu ilipokatazwa, alishona wavu wa dirisha. Ya mabomba ilipokwenda, alichemsha maji na kukunja waya. Vidonge vilipoadimika, alikausha maganda ya machungwa juani, akayafunga kwenye vitambaa vya bitana vilivyobaki kazini, akayasambaza kwenye sanduku la nguo. Kulalamika alimwachia mumewe, aliyekuwa na kipaji hicho.

"Kesho watakataza chumvi," Pua alisema. "Keshokutwa maji."

"Ikifika keshokutwa tutajua la kufanya," mkewe akajibu.

Siku moja walipokuwa wakijiandaa kwenda msibani, Pua alitoa koti lake sandukuni, akaleta mkono wa koti puani, akavuta pumzi ndefu na kutabasamu. "Wewe mwanamke una akili. Uliwaficha vidonge. Koti lisilonuka naftalini halina heshima, linakuwa kama shati tu."

Mkewe alikuwa ameinama akifunga viatu. Akainua kichwa, akamtazama kitambo kirefu kuliko ilivyohitajika kwa jambo la koti. "Twende," akasema. "Tutachelewa."

Zamu ya gundi ikafika. Habari ililetwa na muuza gundi mwenyewe, aliyekuja na baiskeli yake kama kawaida, ila mizigo ilikuwa mipya.

"Pua, ile ya njano basi tena. Wanasema mvuke wake unaingia mwilini, unamharibu mtu polepole asijue. Mikebe yote inarudishwa. Watu wa afya watapita nyumba kwa nyumba."

"Unamharibu nani?" Pua akajipiga kifua. "Nimeuvuta tangu sijaota ndevu. Nitazame. Kipi kimeharibika hapa?"

Muuza gundi alimtazama juu mpaka chini, akakubali kwamba hakuona kasoro. Akamwachia mkebe wa gundi mpya. Ilikuwa nyeupe kama maziwa, ya kuchanganyika na maji. Pua aliufungua, akanusa, akanusa tena.

"Humu hamna kitu."

"Ndiyo yenyewe. Haina harufu."

"Gundi isiyo na harufu," Pua akasema, kwa sauti ya mtu aliyeletewa kuku asiye na nyama.

Kiatu cha dada kilikuwa kimechakaa na kutaka matabaka mapya, kwa hiyo ndicho kilichoonja gundi mpya kwanza. Pua alipaka vizuri, akakaa kwenye kona yake, akainamisha kichwa. Cherehani iliendelea kulia dirishani. Alisubiri harufu ipungue, na haikuwepo harufu ya kupungua. Akasubiri zaidi. Hapo uzi wa mkewe ukakatika, cherehani ikanyamaza. Pua akabandika.

Mkewe aligeuka, akafungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaufunga. Akalamba ncha ya uzi, akautia tena kwenye tundu la sindano.

Kiatu kilidumu siku chache. Asubuhi moja dada akiwa katikati ya ngazi, tabaka la chini lilibaki kwenye saruji, mwalimu akaendelea bila hilo. Alidaka chuma cha ngazi, kikamponyoka, akauangukia mkono wake. Wanafunzi walikuwa nyuma yake, wameona yote. Jioni alifika karakana akiwa amebeba kiatu kwenye mfuko, kifundo cha mkono kimevimba, na mkono mzima umeshika mpini wa fagio.

"Hili si gongo," alisema kabla hajaulizwa. "Hili ni fagio tu, limebaki mpini."

"Dada, pole. Pole sana." Pua alikigeuza kile kiatu. Gundi ilikuwa imebaki kama ngozi ya maziwa upande mmoja. Upande wa pili haikugusa kitu.

"Pole nimeipokea. Sasa sikia. Mwalimu mkuu anasema nihamie ofisini chini, nihesabu chaki. Nimefundisha ghorofani umri wangu wote, leo nihesabu chaki! Nimemwambia mdogo wangu atatengeneza. Usinifanye muongo, Pua."

"Wifi, mkono huo kesho tunaupeleka hospitali," mke wa Pua akasema. "Umevimba vibaya."

"Mkono utapona wenyewe. Mimi nazungumzia mguu."

Dada alipoondoka, Pua alikuwa ameshakata shauri. Mkebe mmoja wa gundi ya njano bado alikuwa nao. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba umerudishwa kwa muuzaji, na wala haukurudishwa. Ulikuwa juu ya rafu, nyuma ya kalibu za watoto. Kiatu cha dada hakitapata maziwa tena, alijiapia. Kitapata gundi ya kweli, hata ikiwa ya mwisho duniani.

Asubuhi iliyofuata mke alimpitia wifi yake wakaenda hospitali. Pua akautelemsha mkebe, akaufungua, akaanza kukwangua matabaka. Hajafika mbali, akasikia sauti kwa jirani yake seremala: watu wa afya, wanaulizia vanishi. Akaufunika mkebe haraka haraka, akausukuma nyuma ya meza chini ya gunia la vipande vya ngozi, akaketi, akashika nyundo na kuanza kupigapiga kisigino kisichokuwa na tatizo lolote.

Walikuwa wawili, binti wa makamo ya mwanawe mkubwa na kijana mrefu aliyevaa glovu. Binti alifika mlangoni akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibuni ndani."

Hawakuingia mara moja. "Tunakusanya mikebe ya gundi ya zamani. Je, umebakiwa nayo?"

"Sina hata tone. Nimerudisha yote kwa muuzaji."

Binti akamtazama mwenzake. Kijana alikuwa akipangusa macho kwa mkono wa shati. "Mzee, una hakika?"

"Mimi na umri huu nikuongopee wewe?" Pua akaweka nyundo chini, akanyoosha mikono kama mwenye nyumba anayeonyesha chumba cha kupangisha. "Tena hata harufu yake imeshakwisha humu. Vuteni pumzi. Vuteni tu, msione haya. Humu ni safi kama wodi ya wazazi."

Kijana alivuta, akakohoa mpaka akashika ukuta.

Ni hapo walipofika mke na dada, mkono wa dada umefungwa bandeji. Mke alikanyaga kizingiti, akajiziba pua na mdomo kwa ncha ya mtandio. Dada akasema, kwa sauti yake ya darasani, "Pua! Umemwaga nini humu? Macho yanawasha!"

Pua aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Bado alikuwa na lile tabasamu la mwenye nyumba, ila lilikuwa limeanza kumpwaya usoni. Binti alipita kando yake polepole, akaenda nyuma ya meza, akainua gunia. Mkebe ulikuwa umelala ubavu, mfuniko mbali. Gundi ilikuwa imelowesha ngozi zote, imetambaa chini ya meza, na ulimi wake wa njano ulikuwa karibu kugusa kandambili ya Pua.

"Mzee," binti akamwuliza, na hapo hakukuwa na ukali tena katika sauti yake, "ina maana ulikuwa husikii harufu hii?"

Pua aliinama, akachovya kidole kwenye gundi, akakileta puani. Akakaa nacho hapo.

Hawakumpeleka popote. Walimwaga mchanga, wakazoa, wakafunga kila kitu kwenye mifuko yao minene. Binti alimwambia kwamba kama jiko lingewashwa chumba cha pili, nyumba ingeondoka na waliomo, na kwamba angefanya vizuri kwenda kupimwa. Akamuaga kwa heshima. Ingekuwa nafuu kama angemfokea.

Walipobaki watatu, dada aliketi kwenye benchi la wateja.

"Tangu lini?" Pua akamwuliza mkewe.

"Tangu lini nini?"

"Usinizungushe, mama watoto."

Mkewe alifungua madirisha yote kwanza, kisha akaketi kwenye kiti cha cherehani. "Siku siijui. Ilikwenda kidogo kidogo. Kuna siku chakula kiliungua jikoni mpaka majirani wakaja, wewe umekaa sebuleni, ukaniuliza mbona leo unachelewa kupakua. Hapo nikaanza kukuangalia."

"Na lile koti?"

"Maganda ya machungwa. Naftalini haijaingia nyumba hii tangu ilipokatazwa."

Dada alitoa kicheko kidogo, akakimeza.

"Haya, na viatu?" Pua akapandisha sauti. "Hapo hutanidanganya. Nimebandika viatu miaka yote hiyo, havikuachia. Nani alikuwa ananusa, kama si mimi?"

Mkewe alitazama mikono yake. "Nilikuwa nasimamisha cherehani."

"Unasimamisha cherehani, ndiyo nini?"

"Soli zilianza kurudi, unakumbuka? Ukaikasirikia gundi, ukasema wanaichanganya na maji. Siku moja nilisimama kubadilisha uzi, na harufu ndiyo kwanza imepungua. Nikakuona umebandika. Soli ile ikashika. Kesho yake nikasimama makusudi, ukabandika tena. Nikaona basi, kumbe inawezekana. Harufu ikipungua, mimi nasimama." Akagusa gurudumu la cherehani. "Siku ya kiatu cha wifi uzi ulikatika wenyewe. Nilitaka kukwambia usibandike. Sikujua nianzie wapi."

Pua alimwangalia mwanamke huyu aliyeishi naye tangu wote wawili wakiwa wembamba, na kilichompanda kwanza kilikuwa hasira. "Miaka yote hiyo ukanifanya mtoto. Mtaa mzima unaniita Pua, na wewe unakaa hapo unajua."

"Kwa sababu mtaa mzima unakuita Pua, ndiyo maana nilikaa," mkewe akasema. "Ningekwambia, ungebaki na nini?"

Pua alivaa viatu akatoka. Mtu mwenye hasira huenda popote, yeye alikwenda kunusa. Alisimama kwenye duka la mafuta ya taa, akainama kama anayesoma bei. Alipita kwa muuza samaki. Akamalizia kwenye jalala la nyuma ya soko, ambalo watu hulipita mbio wamejifunika nyuso, na hapo akasimama amenyoosha shingo, anavuta pumzi mpaka chini kabisa, kama mtu aliyetembelea bustani. Mama mmoja mwenye ndoo alimhurumia.

"Umepoteza kitu, baba?"

"Nimepoteza."

"Kitu gani, nikusaidie kutafuta?"

"Wewe pita tu, mama," Pua akasema. "Hakipo humu."

Aliona huzuni, na hakujidanganya kwamba ni kitu kingine. Ilikuwa huzuni ya kuibiwa na mgeni uliyemkaribisha mwenyewe, ukamtetea mbele ya watu, ukamficha chini ya gunia.

Akanuna siku kadhaa. Aliwaambia wateja wasimwite Pua tena. Wakadhani ni utani, wakamwita zaidi. Alishona mikanda, akatengeneza vifungo vya mabegi, kazi yoyote isiyotaka gundi. Kwa mkewe alijibu ndiyo na hapana. Mkewe naye hakubembeleza, alishona tu, lakini usiku alimwekea maji ya kuoga kama kawaida, na kununa dhidi ya mtu anayekuwekea maji ya moto ni kazi ngumu.

Aliyekata mzizi wa fitina ni dada, aliyekuja na fagio lake akasimama mlangoni bila kuingia.

"Nimehesabu chaki zote za shule," alisema. "Sasa nahesabu vifutio. Wanafunzi wangu wanafundishwa na mtu anayesema sifuri ni namba ya kuogopwa. Ukimaliza kununa, mdogo wangu, miguu yangu ipo pale pale, mmoja mrefu na mmoja mfupi."

Akageuka na kuondoka. Sauti ya mpini ule kwenye lami, tok, tok, tok, Pua aliisikia mpaka kona ya mtaa. Masikio yalikuwa mazima. Alitamani siku ile nayo yangekuwa yamekufa.

Akachukua mkebe mweupe, akaumimina kidogo kwenye kipande cha raba. "Mama watoto," akaita, bila kugeuka. "Njoo unisaidie kunusa hii."

Mkewe alikuja, akanusa. "Haina harufu hata kwangu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kwa hii tuko sawa, mimi na wewe."

Wakaanza upya wote wawili, kama wanagenzi wazee. Waliharibu vipande vingi vya raba. Waligundua kwamba weupe wa gundi ile huondoka taratibu kuanzia pembezoni, ikawa angavu kama maji, na kwamba ikifika hapo ukiigusa kwa mgongo wa kidole inakushika bila kukufuata. Siku za mvua ilichukua muda mrefu kupita kiasi. Shida ni kwamba kwenye kona ya Pua hakuna aliyeweza kuona kama ni nyeupe au angavu. Meza ile aliiweka gizani tangu ujana wake, kwa sababu pua haihitaji taa. Ilibidi waihamishe, kalibu na vyote, mpaka mlangoni kwenye mwanga, na seremala akaja kusaidia kuinua, akauliza mnahama? "Tunasogea," mke wa Pua akamjibu.

Pua alikata matabaka mapya ya kiatu cha dada. Safari hii aliamua kuyashona pia pembezoni kwa msharasi, ile sindano nene ya viatu, na uzi wa nta, ingawa kushona raba nene kunakula vidole. Gundi ishike, na uzi uikamate gundi ikisahau. Akapaka pande zote mbili, akaketi mlangoni, watu wakipita. Kwa mazoea kichwa kikainama. Akakiinua, akafumbua macho, akatazama.

Weupe ukaondoka pembeni. Ukaondoka katikati. Akagusa kwa mgongo wa kidole: ikashika, haikumfuata. Ilikuwa tayari, hakuna shaka. Lakini mikono haikwenda. Alikaa na tabaka mkono huu na kiatu mkono ule, jasho likimtoka, na nyuma yake cherehani ikiendelea kulia.

"Mama watoto."

"Naam."

"Simamisha cherehani."

"Uzi haujaisha."

"Najua haujaisha. Wewe simamisha."

Cherehani ikanyamaza. Pua akabandika.

Jumatatu walimsindikiza dada shuleni mapema, kengele haijagongwa. Mwalimu mkuu alikuwa akitazama kupitia dirisha la ofisi na kujifanya anapanga daftari. Dada alikabidhi mpini kwa wifi yake. "Mrudishieni mwenye fagio lake." Hakushika chuma cha ngazi, kwani mkono wa bandeji ulikuwa upande huo na wa pili ulikuwa na vitabu. Akaanza kupanda. Kiatu cha kushoto kilitoa sauti nzito, cha kulia nyepesi, nzito, nyepesi, mpaka pale alipoanguka siku ile. Hapo akasimama. Pua alishika pumzi. Mkewe akamshika mkono, mbele za watu, jambo ambalo hawakuwa na mazoea nalo. Kisha ikasikika nzito, ikafuata nyepesi, na dada akapotea kwenye kona ya ngazi.

Walisubiri chini wametulia. Huko juu viti vilisogezwa, watoto wakapiga kelele za furaha kana kwamba wamefutiwa mtihani. Halafu kichwa cha dada kikachungulia kutoka ghorofani.

"Pua!" akaita, kwa ile sauti inayofika mpaka barabarani. "We Pua!"

Fundi alimgusa mkewe kiwiko.

"Itika," akamwambia. "Unaitwa."